Niliacha site nikawa mwalimu wa ujenzi, wanafunzi wangu wakapata A kwa ukuta ambao haupo

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma kimya kimya. Nasoma visa vyenu, nacheka, nazima simu, nalala. Leo naweka changu kwa sababu kimeshazagaa Newala na Masasi kwa namna nyingi, na kwenye baadhi ya hizo namna nimekuwa mjinga kuliko nilivyokuwa. Nataka niwe mjinga kwa kiwango changu halisi tu.

Nasema kweli tupu. Majina nimebadilisha, chuo sikitaji. Uandishi mnivumilie, shule yangu iliishia darasa la saba kule Lukuledi na tangu hapo nimeshika mwiko kuliko kalamu.

Twende.

Kwa msioijua kanda yetu, huku watu hujenga korosho zikishauzwa. Mnada ukipita, fundi anatafutwa kama daktari. Mvua zikianza, fundi huyo huyo akipita kusalimia watu wanamwangalia kama kaja kukopa. Miaka yangu yote imekwenda hivyo, nusu mwaka mheshimiwa, nusu mwaka mzururaji.

Nilikuwa na kundi langu Masasi mjini. Mkubwa wao baada yangu anaitwa Chilewa. Alikuja kwangu akiwa saidia fundi, hajui hata kushika pima maji, nikamfundisha mwenyewe. Nilimfundisha kwa njia ya site, yaani nilimtukana mpaka akajua.

Mgongo ukaanza kunisumbua. Nikasikia kuna chuo cha ufundi upande wa Newala kinatafuta fundi wa kufundisha vitendo. Nikapanda mlima nikaenda. Mkuu wa chuo, mama mmoja mpole anayeongea taratibu, akaniambia utafundisha kwa majaribio mpaka muhula uishe, halafu tutaangalia.

Hiyo "tutaangalia" iwekeni akilini.

Nikamwachia Chilewa kundi zima. Zana, wateja, mpaka namba za wenye malori ya mchanga. Maana yake nikishindwa ualimu, narudi Masasi kuomba kazi kwa mtu niliyekuwa namtuma sigara.

Mke wangu aliliona mapema.

"Baba Shakila, ukirudi utamwita bosi?"

"Sitarudi."

"Sijauliza kama utarudi. Nimeuliza utamwitaje."

Nikaenda kulala.

Sasa darasani. Siku ya kwanza nimevaa shati la Iddi, nimesimama mbele ya ubao, wanafunzi wananitazama. Nikaandika UKUTA. Nikageuka. Nikagundua sina kingine cha kuandika.

Nikawatoa nje tukajenge.

Nje kidogo nilipumua. Ila kuna mwanafunzi mmoja, Hamza. Huyu si mtoto, ana mke na masharubu, aliwahi kuendesha bodaboda akaona bora ufundi. Nikawaonyesha ukuta uliolala kidogo, nikasema huu umelala.

"Umejuaje, Mwalimu?" Hamza huyo.

"Unaona tu."

"Sisi hatuoni. Tunaonaje?"

"Utazoea."

"Tukizoea tutaona nini?"

Wakuu, huko site mtu akiuliza hivyo unamrushia maneno ambayo humu mods watayafuta. Chuoni hairuhusiwi. Nikamwambia maswali yako peleka kwa mwalimu wa theory, hapa ni kazi. Darasa likacheka. Na mimi nikajiona nimeweza ualimu.

Mwalimu wa theory anaitwa Benedikto. Kasoma, ana diploma, anavaa kalamu mbili mfukoni. Mafundi wenzangu wakisikia diploma huwa wanategemea niseme hajui kitu. Hapana, niseme haki yake. Anajua. Alinieleza mambo ya uzito wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ambayo mimi nilikuwa nayafanya kwa kuogopa tu, sijui kwa nini. Na hakunidharau hata siku moja. Ingekuwa rahisi kwangu kuandika uzi huu kama angenidharau.

Sasa nije kwenye utaratibu wa chuo, kwa sababu ndio uliotuua.

Chuoni hatujengei saruji. Saruji ni ghali, na huku juu Newala maji yenyewe tunanunua kwa dumu. Ukuta wa mazoezi unajengwa kwa udongo na mchanga. Mwalimu Benedikto anakuja na timazi na fomu, anapima, anaandika alama, anasema "nimemaliza." Hapo wanafunzi wanabomoa, wanasafisha tofali, wanazipanga, kundi lingine linazitumia kesho yake.

Ni utaratibu wa maana kabisa. Niliukuta, ila mimi niliukaza. Kwa kuwa ubaoni nilikuwa sifuri, nikaamua kwenye utaratibu niwe mkali. Ukuta ukishapewa alama haulali umesimama. Tofali isipangwe na chembe ya udongo. Nilikuwa napita na kidole nakagua kama mama mkwe.

Wakashika. Hasa kiranja wao Somoe, binti mtulivu, mkono wake msafi kwenye kona kuliko mafundi niliofanya nao kazi Masasi. Benedikto akisema tu nimemaliza, Somoe ananyoosha kidole na ukuta unashuka bila kelele, tofali zinapangwa. Mkuu wa chuo alipita siku moja akaona, akasema, "Wanakusikia sana, Mwalimu."

Nililala na hayo maneno kama mtoto na pipi.

Basi muhula unaelekea mwisho, ikaja kazi ya kweli. Kuna mama wa makamo jirani na chuo, Mama Hadija, mkulima wa korosho na mjane, anataka stoo ya magunia iwe tayari kabla msimu haujafunguliwa. Mwaka uliopita aliweka korosho sebuleni, yeye akalala jikoni. Msingi alikuwa nao tayari. Tofali zake, saruji yake, maji yake ya madumu kayapanga kivulini kayafunika na kanga. Alichotaka kwetu ni mikono.

Mkuu wa chuo akaniita. "Mwalimu, hii ndiyo nitakayoiangalia."

Nikaelewa. Stoo ya Mama Hadija ndiyo mkataba wangu. Ikisimama, mimi ni mwalimu. Isiposimama, mimi ni saidia fundi wa Chilewa.

Siku ya kuanza ukuta ilikuwa Ijumaa. Mama Hadija alikuwa na msiba kijiji cha pili, akatuachia kiwanja akaondoka. Asubuhi tulifanya kazi nzuri, nasema bila kujisifu kwa sababu sikuijenga mimi. Ukuta wa mbele ukafika kiunoni, umenyooka. Nilirudi nyuma nikautazama, roho ikatulia.

Adhana ikakaribia. Nikachukua vijana wa Kiislamu tukaenda kuswali, isipokuwa Hamza, aliyebaki kwa sababu mguu wake ulikuwa umedondokewa na tofali na hatembei vizuri. Wengine wakabaki na Somoe wamalizie kona. Kabla sijaondoka nikampigia Benedikto, nikamwambia fomu za practical zinadaiwa, pita hapa uwapime, ukuta upo tayari.

Nilimpigia mimi. Wenye toleo lile la kwamba Benedikto alijileta ili aniharibie, futeni.

Nikaswali. Nikaomba dua, sitasema niliomba nini lakini mkataba ulikuwemo.

Kurudi, naona kwa mbali tofali zimepangwa. Nikajua wameleta tofali zaidi. Nimesogea, naona msingi. Msingi mtupu, umefagiliwa.

Somoe akanipokea na tabasamu. "Mwalimu, tumemaliza mapema."

"Ukuta uko wapi?"

"Tumepata A, Mwalimu."

"Somoe. Ukuta uko wapi?"

Akaangalia tofali. Akaniangalia mimi. Nikaona kabisa uso wake unavyobadilika, kama mtu aliyekumbuka kaacha mtoto sokoni.

Benedikto alikuja, akapima, akafurahi, akaandika. Akasema nimemaliza. Akapanda bodaboda akaondoka. Na wanafunzi wangu wakafanya nilichowafundisha. Saruji ilikuwa bado mbichi, ikabanduka vizuri. Na kwa kuwa saruji haitoki kwa kukwangua kama udongo, na Mwalimu wao hataki chembe, waliosha.

Waliosha na maji ya Mama Hadija.

Tofali zile wakuu, hata kiwandani hazikutoka safi vile. Unaweza kula pilau juu yake.

Nikakaa chini. Na kwenye hali hiyo ndipo Mama Hadija akarudi kutoka msibani.

Nikasimama. "Shikamoo mama. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa." Akatazama kiwanja. "Leo hamkuja?"

"Tulikuja, mama."

"Mlikuja kufanya nini?"

Akatembea taratibu mpaka kwenye tofali, akagusa moja, ina unyevu. Akageuka kwenye madumu, akanyanyua kanga yake. Akalipiga teke dumu moja kidogo tu kwa ncha ya kandambili, likalia tupu.

"Na maji mmekunywa?"

Somoe akasema kwa sauti ndogo, "Tumeoshea tofali, mama."

"Zilikuwa zinaenda harusini?"

Kuna mwanafunzi akacheka. Sikumlaumu. Halafu mama akahamia kwenye Kimakonde. Mimi ni Mmakua, naelewa nusu. Ile nusu ilinitosha.

Kufika Jumapili habari ilikuwa imeshashuka mlima. Bodaboda ndio redio yetu. Nikiwa nyumbani Masasi napita stendi, kijana simjui ananiita, "Mzee Bomoa, nikupeleke?" Jioni simu ya Chilewa.

"Mwalimu, shikamoo."

Chilewa hajawahi kuniamkia shikamoo tangu awe na ndevu. Nikaitika marahaba nikisubiri.

"Kuna vibanda vya zamani huku Lisekese mwenyewe anataka vitolewe haraka. Nimesikia una vijana wazuri."

"Umemaliza?"

"Na tofali wanaosha?"

Nikakata. Mke wangu alinitengea chakula akaniambia tu, "Kula, Baba Shakila," kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa. Ningependa angecheka.

Jumatatu ofisini kwa Mkuu. Tuko mimi, Benedikto, Somoe kama kiranja, na Mama Hadija amekaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani.

Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno. Nitasema Benedikto aliondoka bila kusubiri. Nitasema Somoe alitakiwa kutumia akili. Yote mawili yana ukweli kidogo, ndio ubaya wake.

Benedikto akawahi. "Mkuu, mimi nilisema nimemaliza. Sikusema bomoeni." Akarekebisha kalamu zake. "Lakini najua wakisikia hivyo wanabomoa. Nimewaona muhula mzima. Sikufikiria."

Mtu kasema hivyo, na wewe umeshajiandaa kumchoma. Nikameza maneno yangu kama kidonge bila maji.

Mkuu akamgeukia Somoe. "Nani aliwaambia mbomoe?"

"Hakuna, Mkuu."

"Sasa kwa nini mlibomoa?"

"Hakuna aliyetuambia tusibomoe."

Mama Hadija akaguna. "Kwa hiyo nisipokukataza kuchoma nyumba yangu, utachoma?"

"Hapana, mama." Machozi yanamlenga. "Hamza alisema."

"Alisema nini?" Mkuu anauliza.

"Alisema huu ukuta ni wa mtu, kwa nini tuubomoe. Alisema tumsubiri Mwalimu."

"Mkamjibuje?"

Somoe akaniangalia kwanza, kama anaomba ruhusa. Hata pale, wakuu, alikuwa anaomba ruhusa yangu.

"Tulimwambia maswali yake apeleke kwa mwalimu wa theory. Akasema mwalimu wa theory ameshaondoka na bodaboda. Tukacheka. Tukabomoa. Na yeye akabomoa."

Mimi nikawa naangalia sakafu. Sakafu ile ina ufa, aliyeimwaga hakuimwagilia maji ya kutosha. Ndivyo fundi anavyojificha.

Hamza ndiye niliyekuwa namwona mzigo. Somoe ndiye niliyekuwa namwonyesha wageni. Na sisemi Somoe ni mbaya, naomba mnielewe. Alifanya kwa usahihi kile nilichomfanya akifanye. Angekuwa mzembe kidogo ule ukuta ungekuwepo mpaka leo.

Nikasema, "Mkuu, kosa ni langu." Sikusema kwa ushujaa. Nilikuwa nimeishiwa wengine wa kulisukumia.

Mkuu akasema saruji na maji chuo kitarudisha, ukuta ujengwe upya wiki hiyo hiyo, na kuhusu mimi atasema baadaye. Mama Hadija akasema sawa, ila na yeye atakuwepo.

Alikuwepo kweli. Alitoa kigoda akakiweka katikati ya kiwanja, akakaa hapo kila siku kama refa. Mtu akishika tofali kuipeleka upande usio wa ukuta, anaitwa.

"Wewe, hiyo inaenda wapi?"

"Nageuza upande, mama."

"Geuza huku nikuone."

Hamza alimfurahia sana. Wakawa wanaulizana maswali wote wawili kutwa nzima.

Siku kuta zilipofika juu, Benedikto akaja na fomu yake. Kabla hajatoa timazi, Mama Hadija kasimama kati yake na ukuta.

"Mwanangu, hiyo karatasi ni ya nini?"

"Ni ya alama, mama. Za wanafunzi."

"Hapa kwangu hakuna alama."

"Mama, wasipopata alama watafeli."

"Wafeli. Stoo yangu isimame."

Wakabishana kwa heshima, mwanangu huyu, mama yule. Mwisho wakakubaliana apime bila kufungua mdomo. Benedikto akapima ukuta wote kama mtu aliye msibani, akaandika, akafunga fomu, akapunga mkono, akaondoka. Hakusema nimemaliza. Wanafunzi walibaki wamesimama hawajui siku imeisha au bado. Ikabidi mama mwenyewe awafukuze waende wakale.

Stoo ipo. Ina bati. Anayebisha apite aone.

Muhula ulipofungwa Mkuu akaniita. Nilikuwa nimeshafunga begi, kwa sababu sipendi kufunga begi nikiwa nimeaibika.

Akaniambia hanipi mkataba. Ananiongezea muhula mmoja wa majaribio. Akasema kwa upole wake ule ule, "Nilikusifu kwamba wanakusikia. Na mimi nilikosea hapo. Nilitakiwa niulize wanasikia nini."

Chilewa alipiga tena. Safari hii hakuwa na utani. Ana kazi kubwa ya madarasa, anahitaji mtu wa kusimamia, akaniambia, "Njoo Fundi, sitakuita saidia." Na alimaanisha, ni kijana mzuri, mimi ndiye nilikuwa namtukana. Malipo yake ni mazuri kuliko ya chuo.

Nilikaa nayo siku kadhaa. Sina uhakika hata sasa kama nilichagua vizuri. Nilirudi chuoni, na sitawadanganya kwamba ni wito. Sehemu yake ni kutotaka kuondoka na jina la Bomoa. Sehemu nyingine ni kwamba nilitaka kujua Hamza alikuwa anauliza nini.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ya muhula mpya tukajenga ukuta wa mazoezi, udongo na mchanga, pale pale chuoni. Benedikto akapima, akasema nimemaliza. Nikasubiri.

Hakuna aliyesogea.

Nikasema, "Haya, bomoeni."

Somoe hakunyoosha kidole. Aligeuka akamwangalia Hamza. Wote wakamwangalia Hamza. Hamza akajikuna masharubu.

"Mwalimu, huu ni wa nani?"

Nikaeleza. Huu ni wa chuo, ni wa mazoezi, tofali ni chache, kesho kundi lingine linazihitaji.

"Na kama kesho hawaji?"

Nikaeleza na hilo. Nikaulizwa kwa nini tusiache kona moja tuone inavyokauka. Tukaiacha. Ikakauka, ikapasuka, wakaniuliza kwa nini imepasuka. Nikaanza kusema unaona tu, nikajizuia, nikaenda kumwuliza Benedikto, nikarudi nikaeleza.

Ndio maisha yangu sasa. Kila ukuta lazima nijitetee kwanza. Kazi iliyokuwa inaisha saa sita inaisha saa tisa, koo limenikauka, na kidole cha kukagua nimekirudisha mfukoni.

Nilichojifunza wakuu, na mwenye elimu zaidi anisahihishe: kumfanya mtu akutii nilijua tangu site, inahitaji sauti tu. Nikadhani huo ndio ualimu. Kumfanya mtu ajue ukuta anaoushika ni wa nani na unasimamia nini, hiyo bado najifunza, na anayenifundisha ndiye yule niliyemfukuza aende kwa mwalimu wa theory.

Muhula huu nao una mwisho wake, na Mkuu bado ataangalia. Sijui itakuwaje.

Mliomo humu mnaofundisha ufundi, mwanafunzi wa maswali mnamfanyaje mpaka kazi iishe na yeye asinyamaze? Nauliza kwa shida. Na mafundi wa Masasi najua mmeshafika hapa chini kabla hata sijamaliza kuandika. Karibuni mcheke, ila atakayeandika "na tofali wanaosha" ajue Chilewa kamtangulia.